Bia Chini, Ngozi Juu: Kuku wa Oveni kwa Jikoni za Meru na Embu

Anayepika kuku kwa bia mara ya kwanza karibu kila mara humwogesha. Chupa nzima inamiminwa juu ya ngozi, trei inasukumwa ovenini, na baada ya saa moja anatoka kuku mweupe, ngozi imelegea, ameketi ndani ya maji machungu. Wageni wanakula kwa adabu, mwenye nyumba analaumu bia. Bia haina kosa. Kazi yake katika chakula hiki ni kutengeneza mchuzi, na mahali pa mchuzi ni chini. Ngozi inataka moto mkavu, na mahali pake ni juu. Mengine yote nitakayoeleza hapa, kuanzia kuku utakayemnunua hadi kiazi utakachoweka kando yake, yanatokana na hilo.

Kupikia bia ni desturi ya miaka mingi huko Ubelgiji na kaskazini mwa Ufaransa. Kwetu huku kwenye miteremko ya Mlima Kenya mazoea ni mengine: pombe ni ya wazee, ya mahari na ya mapatano, na kazi yake ni kunywewa. Hata hivyo, ukitazama vitu vinavyoingia katika trei hii utakuta vingi vimetoka karibu. Shayiri ya bia hulimwa Timau, katika mashamba yaleyale ya ngano yanayoonekana ukielekea Nanyuki. Mtama aina ya gadam, unaokomaa upesi na kuvumilia jua, hulimwa Mbeere na Tharaka na kununuliwa kwa ajili ya bia ya Senator, iliyoingia sokoni 2004. Serikali ilipopandisha ushuru wa bia hiyo mwaka 2013, pigo lilifika hadi kwa mkulima wa mtama aliyekuwa amepanda akitegemea soko hilo. Viazi ni vya Kibirichia, asali ni ya Mbeere au Tharaka, vitunguu na karoti ni vya soko lolote lililo karibu nawe. Mapishi ndiyo yaliyotoka mbali.

Tuanze na kuku, kwa sababu hapo ndipo chakula hiki huharibikia kabla hata oveni haijawashwa. Broila wa wiki sita hivi, akishachinjwa na kunyonyolewa, ana kilo moja na robo hadi kilo moja na nusu. Nyama yake ni laini, ina maji mengi, na huiva kwa chini ya saa moja. Huyu ndiye kuku wa oveni. Kuku wa kienyeji anamzidi mbali kwa ladha, lakini misuli yake imefanya kazi: amechakura, amekimbia mwewe, ameruka ua. Ukimtia ovenini akiwa mbichi utamtoa akiwa mkavu na mgumu, bia iwepo isiwepo. Wapo wanaoamini kwamba bia hulainisha nyama ngumu. Asidi iliyomo ni ndogo mno kufanya kazi hiyo kwa saa moja au mbili. Kinacholainisha kuku wa kienyeji ni maji, moto mdogo na muda, nami nitamrudia huyu kwa sababu anastahili njia yake. Katikati ya hao wawili wako wale wa kienyeji walioboreshwa, ambao wengi bado huwaita kari kwa jina la zamani la taasisi ya utafiti wa kilimo, KARI, ambayo leo ni KALRO. Akiuzwa akiwa na miezi minne au mitano, huyu huwa mgumu kuliko broila na laini kuliko jogoo wa nyumbani.

Sokoni Gakoromone, au soko la Embu mjini, au kando ya barabara Nkubu na Runyenjes, utauziwa kuku akiwa hai, miguu imefungwa pamoja. Usimpime kwa macho, manyoya hudanganya. Mshike kwa chini, upapase kidari hadi ufike kwenye ncha ya mfupa wake, upande wa mkia. Ncha hiyo ikikubali kupinda kidogo chini ya kidole, kuku ni mchanga, mfupa bado haujakomaa. Ikiwa imekaza kabisa, amekula chumvi. Kisha tazama miguu: magamba laini yanayong'aa ni ya mchanga, yaliyokwaruzika na kuinuka kingo ni ya mzee. Kwa jogoo, angalia kipi, ule mwiba wa nyuma ya mguu. Kikiwa kijipu tu kisicho na makali, mnunue kwa oveni. Kikiwa kirefu na kimejipinda, mnunue kwa supu na ushukuru.

Aliyechinjwa nyumbani asiende motoni papo hapo. Misuli hukaza baada ya kifo, na ukimpika wakati huo hata broila atakuwa mgumu. Mchinje jana yake, alale kwenye friji. Akishanyonyolewa na kubabuliwa vinyweleo, mwoshe ndani na nje, lakini mwoshee kwenye beseni na si chini ya mfereji unaorusha maji. Matone yale hubeba vijidudu hadi kwenye sinki, kwenye vyombo safi na kwenye nyanya za kachumbari. Broila wa dukani aliyesafishwa tayari hahitaji kuoshwa tena. Joto ndilo linaloua vijidudu, maji huvisambaza tu.

Kisha mkaushe. Hili watu hulipuuza, nami nalisisitiza kuliko jambo lolote lingine baada ya lile la bia kukaa chini. Chukua kitambaa safi au karatasi za jikoni, mfute kila mahali, chini ya mabawa, ndani ya tumbo, katikati ya paja na mwili. Ngozi yenye maji haiwezi kubadilika rangi mpaka maji yale yaishe, na yakiisha nyama ya kidari nayo imeshakauka. Mpake chumvi laini, kijiko kimoja na nusu cha chai kwa kuku wa kilo moja na robo, na pilipili manga. Ukiweza, fanya hivyo usiku wa kuamkia siku ya kupika na umwache kwenye friji bila kumfunika, chini kabisa ili asidondoshee vyakula vingine. Asubuhi ngozi itakuwa imekauka na kukaza, na chumvi imeingia ndani.

Usimwoke mzima. Kuku mzima ana mapaja yanayochelewa kuiva na kidari kinachowahi, na kuvisubirisha pamoja ni kazi ngumu kwa oveni ndogo za nyumbani. Mlaze kifudifudi, ukate kwa kisu kikali au mkasi wa jikoni upande mmoja wa uti wa mgongo kutoka mkiani hadi shingoni, halafu upande wa pili. Utoe uti huo na uuweke pamoja na shingo, firigisi na miguu. Mgeuze kidari kiangalie juu, weka kiganja katikati na ubonyeze kwa uzito wa mwili mpaka usikie mfupa ukialika. Sasa amelala wazi, unene karibu sawa kila upande, na ngozi yote inatazama juu ambako moto unaiona. Kwa watu wengi waliokuja ghafla, vipande vinane vitafaa pia, mradi upange ngozi juu na usivibananishe.

Sasa bia. Unahitaji glasi moja, mililita 250, yaani nusu ya chupa ya kawaida. Zaidi ya hapo unaharibu, kwa sababu ya jambo moja ambalo mnywaji halioni na mpishi lazima alijue. Uchungu wa bia unatokana na maua ya hopsi, na uchungu huo hauruki na mvuke. Maji yanaondoka, hewa inaondoka, sehemu kubwa ya kileo inaondoka, uchungu unabaki. Bia iliyopungua hadi robo yake ina uchungu wa vijiko vinne katika kijiko kimoja. Ndiyo maana nashauri bia nyepesi isiyo na hopsi nyingi. Tusker na White Cap zinafaa kabisa, na Tusker ina kileo cha asilimia 4.2 tu. Guinness hutoa mchuzi mweusi, mzito, wenye ladha ya nafaka iliyoungua, na wapo wanaoupenda, lakini itumie robo glasi tu na ujazie kwa supu ya kuku. Dawa ya uchungu ni utamu wa asili: vitunguu vingi, karoti na kijiko cha chai cha asali. Sukari nyeupe itafanya kazi, lakini asali ya Mbeere, ile nyeusi kidogo, ina harufu inayopatana na shayiri.

Itoe bia kwenye friji mapema na uifungue nusu saa kabla, ipoteze baridi na gesi. Bia baridi ikimwagwa kwenye bakuli la kioo lililo moto linaweza kupasuka, na povu jingi hupanda hadi kwenye ngozi uliyohangaika kuikausha. Ukipanga kupika Jumamosi mchana na chupa huna, kumbuka saa za sheria ya vileo ya 2010, ile inayojulikana kwa jina la Mututho: baa hufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi, na saa nane mchana wikendi na sikukuu. Nunua jana yake.

Kuhusu pombe za nyumbani nasema waziwazi: usizipikie. Muratina iliyotengenezwa vizuri ni kinywaji chenye heshima yake, lakini ukali na uchachu wake hubadilika kutoka kibuyu hadi kibuyu, na mpishi hawezi kukisia mchuzi utakuwaje. Ile inayouzwa kwa siri ni hatari ya kuua. Mwezi Mei 2014 watu wengi walikufa Embu na katika kaunti nyingine baada ya kunywa pombe iliyotiwa methanoli, na wengine walipofuka. Methanoli huwezi kuitambua kwa macho wala kwa pua, na oveni si chombo cha kusafisha sumu. Tumia chupa iliyofungwa kiwandani, yenye stempu ya ushuru, au usitumie pombe kabisa.

Huenda umewahi kuona picha za mtindo wa Kimarekani wa kumkalisha kuku juu ya mkebe wa bia uliofunguliwa. Achana nao. Bia iliyo ndani ya mkebe, imezungukwa na nyama baridi, huchelewa sana kupata moto wa kutoa mvuke, kwa hiyo haimsaidii kuku. Mkebe wenyewe una rangi nje na utando ndani ambavyo havikutengenezwa kwa ajili ya oveni. Na yule kuku aliyesimama huanguka kwa urahisi mlango unapofunguliwa.

Washa oveni dakika ishirini kabla, nyuzi 200. Kuka nyingi za gesi zina namba zisizoaminika au hazina namba kabisa. Kama huna kipimajoto, nyunyiza unga wa ngano kwenye sahani ya bati na uuweke katikati ya oveni kwa dakika tano. Ukigeuka rangi ya dhahabu, joto ni la wastani. Ukiwa kahawia iliyokolea, ndilo unalolitaka. Ukiungua, punguza na usubiri.

Kata vitunguu vitatu vikubwa kwa vipande vinene, karoti mbili, punje nne za kitunguu saumu, na uvitandaze katikati ya trei. Juu yake weka kijitawi kimoja cha rozimeri, ambayo nyumba nyingi za huku zimeipanda kama ua la mapambo mlangoni bila kuipika hata siku moja. Mlaze kuku juu ya vitunguu hivyo, umpake kijiko cha mafuta. Vitunguu vinamwinua ili asije akazama, na vyenyewe vitayeyuka na kuwa mchuzi.

Viazi viende pembeni ya trei, safu moja tu. Hapa kuna jambo la kujua kuhusu Shangi, kiazi kinachotawala masoko yetu. Huiva upesi na kupasukapasuka, sifa nzuri kwa mukimo na balaa kwa oveni. Kikate nusu tu, usikimenye kama ngozi ni safi, ukipake mafuta na chumvi. Bia itakapoingia, uchachu wake kidogo utasaidia kukizuia kisivunjike, maana kiazi kilicho katika kitu chenye asidi huchelewa kulainika. Upande wa chini utanyonya mchuzi, upande wa juu utakauka na kuwa na ganda. Ukipata Dutch Robjin, ile nyekundu, ni bora zaidi kwa kazi hii.

Dakika ishirini za kwanza ni bila bia. Acha ngozi ianze kubana na mafuta yake yaanze kutoka, vitunguu vianze kuwa kahawia kingoni. Kisha vuta trei nusu, changanya asali ndani ya bia, na uimimine polepole kwenye kona ya trei, mbali na ngozi. Itatoa povu na kutulia. Rudisha trei, usifunike kwa foili, na upunguze moto hadi nyuzi 190.

Kuanzia hapo mtazame kuku kidogo na mchuzi sana. Mwanzoni mapovu ni madogo, meupe, mengi, na jikoni kunanukia mkate. Baada ya dakika kumi na tano hivi meupe yanaondoka, rangi inakuwa ya chai ya rangi, mafuta ya kuku yanaelea kwa madoa ya dhahabu. Kisha mapovu yanakuwa makubwa na mazito, yanapanda taratibu na kupasuka kwa uvivu, na ukiinamisha trei mchuzi unachelewa kufuata. Hapo umefika. Ukiachwa zaidi, pembe za trei zinaanza kuwa nyeusi na harufu ya mkate inageuka kuwa kali, inayokera puani. Huo ndio uchungu wa hopsi umeungana na sukari iliyoungua, na hakuna asali itakayouondoa. Weka birika la maji moto karibu na uongeze robo kikombe kila mchuzi unapokaribia kukauka kabla nyama haijaiva.

Sisi tunaoishi juu tunahitaji birika hilo kuliko mtu wa Mombasa. Meru mjini iko zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi. Timau, zaidi ya mita 2,000, ni chini zaidi ya hapo. Hewa ya oveni ina joto lile lile popote, lakini kilicho majimaji ndani ya trei huanza kuchemka mapema na kukauka mapema. Mapishi ya kitabuni yaliyoandikwa kwa miji ya pwani yatakuachia trei kavu.

Baada ya dakika ishirini na tano hadi thelathini na tano tangu bia iingie, mchome kuku kwa uma mahali paja linapokutana na mwili. Majimaji yatoke meupe bila damu, na mguu ukiuzungusha uzunguke kwa urahisi kwenye kiungo chake. Mwenye kipimajoto cha nyama atafute nyuzi 74 pale penye nyama nene, bila kugusa mfupa. Mhamishie kwenye sahani apumzike dakika kumi, majimaji yake yarudi ndani. Usimfunike kwa kubana, mvuke utalegeza ngozi.

Muda huo ni wa mchuzi. Engua mafuta ya juu, ponda vitunguu kwa mwiko ndani ya trei ile ile, kwangua kila kilichoshika chini, kisha uonje. Uchungu kidogo ulimini mwishoni ni sawa, ndio utu uzima wa chakula hiki. Uchungu unaotangulia mbele ya ladha zote unahitaji kipande kidogo cha siagi au kijiko cha maziwa ya mtindi mzito, si chumvi. Usiweke Royco wala kiungo kingine cha paketi. Vina chumvi nyingi, na vitafunika harufu ya shayiri na kitunguu uliyoifanyia kazi saa nzima. Mwaga mchuzi kwenye sahani kwanza, kuku juu yake. Hata mezani asiogeshwe.

Nimeahidi kumrudia kuku wa kienyeji. Mkate vipande, umweke kwenye sufuria na maji ya kumfunika, kitunguu kimoja, tangawizi na chumvi, umchemshe kwa moto mdogo usioleta mawimbi. Aliyeboreshwa atataka dakika arobaini na tano, tembe saa moja, jogoo wa miaka miwili saa mbili na zaidi, kwa sababu ya ule mchemko wetu wa nyuzi 95. Uma ukiingia pajani bila kulazimishwa, mtoe, umpanguse maji na umwache apoe hadi ngozi ikauke. Kisha umpange juu ya vitunguu, nusu glasi ya bia na nusu glasi ya supu yake chini, nyuzi 220, dakika ishirini na tano. Hapa bia inaingia tangu mwanzo kwa kuwa muda ni mfupi. Nakwambia kwa moyo wote kwamba kwa sikukuu au mgeni wa heshima njia hii inampita broila, na ile supu iliyobaki unaigawa kwenye vikombe wakati watu wakisubiri.

Nyumba nyingi hazina oveni, na huo si mwisho wa habari. Keki za jiko zimeokwa hivi miaka na miaka. Chukua sufuria kubwa nzito, weka mawe matatu bapa ndani, na juu yake trei ndogo ya bati yenye kuku wa vipande. Ifunike kwa kifuniko cha bati kisicho na mpini wa plastiki, uweke makaa yaliyokolea juu ya kifuniko na machache chini. Kwa keki watu hugawa moto karibu sawa. Kwa kuku makaa mengi yaende juu, kwa sababu ngozi ndiyo inayohitaji moto. Bia iingie baada ya nusu saa, tena iwe nusu glasi, maana sufuria iliyofunikwa haipotezi maji kama oveni. Jikoni pawe na dirisha wazi, moshi wa makaa huua watu waliojifungia.

Kuna jambo la mezani ambalo ni zito kuliko yote ya jikoni. Huku ni nchi ya Wamethodisti wa Kaaga, Waanglikana wa Kigari, Wapresbiteri wa Chogoria, na Waislamu ambao familia zao ziko Meru na Embu kwa vizazi. Kwa wengi wao kileo hakiingii kinywani kwa njia yoyote. Watu husema pombe yote huisha motoni. Si kweli. Makadirio ya Wizara ya Kilimo ya Marekani ni kwamba chakula kilichochanganywa na pombe na kupikwa nusu saa hubaki na asilimia 35 hivi ya kileo chake, saa moja asilimia 25, saa mbili na nusu asilimia 5. Piga hesabu ya trei yetu: mililita 250 za bia ya asilimia 4.2 zina kama mililita kumi na nusu za kileo. Hata kikibaki robo au theluthi yake, kwa walaji sita kila mmoja anapata kidogo sana, hakifiki mililita moja. Hakuna atakayelewa. Lakini kidogo si sufuri, na uamuzi wa kula au kutokula ni wa mgeni, si wako. Mwambie mama mkwe kabla hajaketi: mama, kuku huyu amepikwa kwa bia, na yule pale amepikwa bila. Mwambie mzazi kabla mtoto hajapakuliwa, na mama mjamzito pia.

Na ikiwa nyumbani kuna mtu aliyeacha pombe, usipike chakula hiki akiwepo. Tumeona majirani wangapi wakipambana kutoka huko, wengine baada ya kuzika wenzao? Harufu ya bia inayochemka hujaza nyumba nzima kabla ya chakula kufika mezani, na chupa iliyobaki nusu kwenye friji inamwita usiku kucha. Hakuna mchuzi wenye thamani ya hilo.

Trei ya pili, ile isiyo na bia, isiwe ya kubahatisha. Supu ya kuku nusu glasi, maji ya nanasi au ya tufaha nusu glasi, na kijiko kimoja cha siki. Asali usiongeze, utamu upo tayari. Utaratibu ni ule ule: dakika ishirini kavu, kisha mimina kwenye kona. Yale matunda mekundu ya mti wa nyanya, yanayolimwa sana huku juu, yakisagwa na kuchujwa hutoa mchuzi wenye uchachu mzuri unaokaribia ule wa bia, na rangi yake mezani ni ya kuvutia.

Kilichobaki kiingie kwenye friji ndani ya saa mbili, nyama kando na mchuzi kando. Kesho yake pasha mchuzi kwanza hadi uchemke, ndipo nyama iingie. Ngozi haitarudi ilivyokuwa, kwa hiyo ichambue nyama na uichanganye na mchuzi huo, ule kwa chapati au kwa mukimo. Ule uti wa mgongo, shingo na miguu uliyoweka kando vichemshwe asubuhi kwa saa moja na nusu pamoja na tangawizi, karoti na dania, bila tone la bia, viwe supu ya watoto na ya yule mgeni aliyelala na hakugusa kuku wa jana.